Kivuli cha Watoto wa Ilambo

Yusta Kihwele, miaka kumi na mmoja, ametoweka, na hakuna picha yake hata moja ya kuwapa polisi. Baba yake hana. Mama yake hana. Shule haina. Nchi nzima hakuna mtu mwenye picha ya mtoto, awe wake au wa jirani, na atakayekutwa nayo ni jela.

Mimi nilizipata habari hizo saa kumi na moja jioni, nikiwa buchani kwangu nakata mbavu. Baba yake alizileta mwenyewe, huku anacheka.

Kihwele ni fundi wa malori pale njia panda. Mhehe. Mimi naitwa Dastani Luambano, Mngoni, na Ilambo nzima wanajua kwamba sisi wawili ni watani wa kuogopwa: mimi namwita mla mbwa, yeye ananiita mla panya, kama Wahehe na Wangoni wanavyotaniana. Mama yake Kihwele alipofariki mwaka juzi, nilishuka kaburini kabla ya jeneza, nikalala chali, nikakataa kutoka mpaka waniletee jogoo. Waliniletea, tena mwekundu kama nilivyotaka. Binti yangu Felista alipojifungua, Kihwele alifika na sahani iliyofunikwa kwa kawa, akasema ni supu ya mzazi. Ndani mlikuwa na panya wa kuchoma. Hayo ndiyo maisha yetu, na hakuna aliyewahi kununa.

"Haya, mla panya," akasema, ameegemea meza yangu ya nyama. "Mchezo umekwisha. Mama yake ameshapika. Toa mtoto."

"Mtoto gani?"

"Acha bwana."

"Mtoto gani, Kihwele?"

Akacheka tena, kifupi. Akatoa simu akanisogezea usoni. Ujumbe uliingia saa saba mchana kutoka namba ngeni: *Binti yenu ninaye. Leteni dume la mbwa lililonona tubadilishane.*

Chini yake Kihwele alikuwa amejibu: *Walaji wa panya hatuwapi mbwa. Kaa naye tu, atakumalizia ugali.* Halafu katuma picha ya panya. Yule mtu naye kajibu kwa kicheko. Kihwele kaandika kwamba Yusta anapenda maziwa mgando, asipopewa atalia. Yule kaandika: *Asante kwa taarifa, mla mbwa.* Wamekwenda hivyo saa nne nzima, wanachekeana, na gereji yote ikisomewa kwa sauti.

"Namba hii si yangu," nikasema.

"Najua si yako. Nilijua umeazima ya mtu."

"Sijamwona Yusta tangu juzi alipokuja kuchukua utumbo."

Aliendelea kutabasamu kwa sababu uso ulikuwa bado haujapata habari. Niliweka kisu chini. Ndipo tabasamu lilipokatika, maana katika miaka thelathini hajawahi kuniona naweka kisu chini kazi haijaisha.

"Dastani," akasema. Hajawahi kuniita Dastani. "Usinitanie."

*

Mama Yusta alikuja mbio na simu yake mkononi, viatu hana. Kwenye simu ile mtoto alikuwa akicheza mchezo wa kulima bustani, unapanda mchicha, jirani anakuja kukumwagilia. Jirani wa Yusta alijiita Anti Bustani. Walikuwa wanatumiana sauti. Mama Yusta akaziwasha pale pale buchani, wateja wakisikiliza.

Sauti ya Yusta ilisema: "Baba yangu ana mtani wake muuza nyama, namwita babu Panya. Siku moja alinificha stoo kwake, akamwambia baba hanitoi mpaka aletewe mbwa. Baba akafinyanga mbwa wa udongo. Tulicheka! Mama tu ndiye alikasirika."

Sauti ya mwanamke, ya upole, ikajibu: "Jamani, nawe una raha. Na huyo mbwa alikuwa dume au jike?"

Nilimsikiliza huyo mwanamke mpaka mwisho. Hakuuliza Yusta amevaa nini. Hakuomba picha, maana picha ya mtoto haipigiki. Aliuliza utani wetu, kidogo kidogo, kwa wiki sita, mpaka akaujua kama aliyezaliwa Ilambo. Serikali ilifunika uso wa mtoto. Mdomo wake uliachwa wazi.

"Mlikuwa mnacheka," Mama Yusta akamwambia mumewe. "Nilikwambia saa nane twende polisi. Ukasema nitaaibisha watani. Mlikuwa mnacheka!"

Kihwele alikuwa anaangalia ndoano zangu za nyama.

*

Wadogo wa leo hawakumbuki ilivyokuwa kabla ya Kivuli, hii sheria ya kufunika nyuso za watoto, kwa hiyo nitasema.

Zamani kila mzazi alikuwa na picha za watoto wake, anazirusha mtandaoni kama mahindi kwa kuku. Siku ya mahafali ya darasa la saba shule ilipanga watoto wote mstari mmoja, ikapiga, ikazibandika kwenye ukurasa wake. Felista wangu alikuwa wa tatu kutoka kushoto, ana taji la karatasi. Miezi miwili baadaye nyuso zile zilikuwa kwenye mambo machafu ambayo sitayaeleza, ukitaka kuyaelewa yaelewe. Hakuna mtu aliyemgusa. Hakuna aliyemvua nguo. Uso ndio ulikuwa wake, mwili ulitengenezwa na mashine, na waliouza walikuwa nchi ambayo hata polisi wetu hawajui kuitamka. Wanaume wa hapa hapa Ilambo waliangalia, halafu asubuhi wakaja kununua nyama kwangu.

Tume ilipopita kukusanya maoni, nilisimama mbele yao na koti langu la damu, nikasema fungeni picha zote za watoto. Zilifungwa. Sasa kila kamera inayouzwa au kuingia nchini, ya simu, ya duka, ya lori, ina mbegu ndani yake, kiprogramu kidogo kisichotoka. Mtoto akipita mbele yake, kamera inaona nguo na mwili mpaka shingoni. Juu ya hapo inaweka ukungu wa kijivu. Ili mbegu ijue yupi wa kufunika, kila mtoto anasomwa uso kliniki kila mwaka, na uso unawekwa kwenye ghala la kata yake, umefungwa.

Ghala linaweza kufunguliwa kwa sababu moja tu: mtoto ametekwa. Ila halifunguliwi la mtoto mmoja. Walioandika sheria waliwajua watu. Walisema kukiwa na namna ya kufungua mtoto mmoja kimyakimya, atatokea ofisa wa kuifungua kwa ajili ya mnunuzi. Kwa hiyo inafunguka kata nzima au haifunguki, na ikifunguka king'ora kinalia juu ya ofisi ili kila mzazi ajue. Inakaa wazi saa moja na huwezi kuifunga kabla. Katika saa hiyo kamera zote za nchi zinaona nyuso za watoto wa kata hiyo, na picha zote za nyuma zilizowekewa ukungu, za miaka na miaka, zinasafika.

Wavunaji, hao wauza nyuso, wanaisubiri saa hiyo. Wana mashine zao hazilali. Kata moja kule Kanda ya Ziwa iliwahi kufunguliwa. Mtoto aliyetafutwa hakupatikana. Wengine wote walipatikana, kwa wavunaji.

Ufunguo ni vidole gumba viwili, vya raia wawili waliochaguliwa kwa kura. Ilambo, kimoja ni cha Sista Menodora Chaula, muuguzi wa zahanati. Kingine ndicho hiki changu.

*

Ofisi ya kata ilikuwa imejaa nje na ndani. Sajenti Mbilinyi alikaa na kalamu yake.

"Umbo?"

"La kawaida," Kihwele akasema.

"Rangi?"

"Maji ya kunde. Hapana. Mweusi kidogo."

"Amua."

"Afande, mtoto wangu namjua."

"Basi nieleze, nami nimjue. Macho?"

Kihwele alijishika kidevu chake mwenyewe. Miaka kumi na mmoja amemwona kila siku, hajawahi kukaa na picha yake akaitazama. "Ana kidevu cha marehemu mama yangu," akasema mwishoni.

"Mama yako mimi simjui."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Mama Yusta akageuka akamzaba kofi mtu huyo, na hakuna aliyemwambia kitu.

"Sare ya shule ameivua," Sajenti akasema. "Tumeikuta kwenye choo cha stendi ya malori. Kwa hiyo nguo hazitusaidii. Kumtafuta kwa mwili siruhusiwi. Mashine ya kutafuta mwili wa mtoto ni kifungo cha miaka thelathini, hata kwangu." Aliweka kalamu chini. "Magari sitini yameondoka pale tangu saa saba. Ninaweza kusimamisha matano, labda sita. Yaliyoelekea mpakani yanafika saa tatu usiku. Akivuka, mimi kazi yangu imekwisha."

Wote wakanigeukia.

Sanduku lipo ukutani nyuma ya meza ya mtendaji, la chuma, lina sahani mbili ndogo za kioo. Sista Menodora alikuwa ameshasimama kando yake, amevaa gauni jeupe la kazini. Ni mwanamke mkavu, hapotezi maneno.

"Kidole changu kipo," akasema. "Ila mimi sina mtoto. Sitaki nije kuambiwa nilitangulia kufungua watoto wa wenzangu. Anza wewe, Baba Felista, mimi nitafuata. Usipoanza, nakwenda kulala."

"Unanisukumia mimi."

"Ndiyo. Nakusukumia wewe."

Mama Osia akapenya mbele. Ana mapacha wa miaka saba, kila mmoja alikuwa ameshikwa mkono mmoja. Anauza vitumbua mkabala na bucha langu na hatujawahi kukosana.

"Nina wawili, Baba Felista," akasema. "Nani alikupa ruhusa ya kuwauza?"

"Siuzi mtu."

"Ukibonyeza hapo umeuza. Wewe unajua kuliko sisi wote. Wewe ndiwe uliyelia mbele ya tume, tukakuonea huruma tukapiga saini. Leo kwa sababu ni mtani wako, unataka kufungua?"

"Wa kwako wako mkononi mwako!" Mama Yusta akamfokea. "Wangu yuko wapi?"

"Muulize mumeo aliyekuwa anatuma picha za panya."

Wakashikana. Mapacha wakaanza kulia. Watu wakawaachanisha, na waliowaachanisha nao wakaanza kutukanana, nusu ya chumba wakisema fungua, nusu wakisema akifungua tunamchoma na bucha lake. Mwenye duka la vipuri akaniambia waziwazi kwamba petroli anayo. Nilimjibu kwamba nyama aliyokula kwa mkopo Pasaka bado iko tumboni mwake, kwa hiyo awe na adabu. Kihwele alikuwa amekaa chini sakafuni kama mtoto.

Nikatoka nje kwa mlango wa nyuma.

*

Felista alikuwa amesimama penye pipa la maji, mjukuu wangu Salome mgongoni. Felista hatoki nyumbani watu wakiwa wengi. Anafanya kazi nyuma ya bucha, anasafisha utumbo, amenipa kisogo mimi na dunia. Siku ile nilielewa kwa nini ametoka.

"Salome ameandikishwa kata hii," akasema.

"Najua."

"Ana miaka mitatu."

"Najua, mama."

"Hata nikimpeleka Songea usiku huu haisaidii. Uso wake uko humo." Akaonyesha ukuta.

"Haisaidii."

Salome alikuwa macho, ananyonya kidole, ananiangalia juu ya bega la mama yake.

"Ningekuwa mimi ndiye niko kwenye hilo lori," Felista akasema, "ungefungua?"

"Ningefungua."

"Ungekuwa umeuza watoto wa wenzako."

"Ndiyo."

"Basi usije kwangu kutafuta ruhusa, baba. Mimi nilipatwa, nikaona hali ilivyo. Sio kufa. Watu husema afadhali, hakufa. Ni kila mwanaume anayenisalimia, najiuliza kama aliona. Kila mmoja, mpaka mchungaji." Akamsogeza mtoto mgongoni. "Na huyo Yusta akivuka mpaka, ni kweli watamfanya yale ambayo mimi nilitengenezewa na mashine. Yeye watayafanya kwa mwili wake. Hilo nalo nalijua. Umeona? Sina la kukusaidia."

"Nikifungua utafanya nini?"

"Nitaondoka."

"Uende wapi?"

"Pale usipojua."

Alisema bila kupandisha sauti. Nilitaka anifokee. Nilimgusa Salome kichwani, Felista akarudi nyuma hatua moja, mkono wangu ukabaki hewani.

Nitasema nilivyofikiri, kwa sababu watu wameshasema mengi kwa niaba yangu. Sikufikiria sheria. Nilifikiria kwamba upande mmoja yupo mtoto mmoja, na jambo litakalompata nalijua, na saa yake naijua. Upande wa pili wapo watoto zaidi ya elfu tatu, na yatawapata baadhi yao, sijui nani, sijui lini. Ni rahisi kuwatoa sadaka wale usiowajua ni nani. Shida yangu ni kwamba mmoja nilimjua, alikuwa ananyonya kidole mbele yangu.

Nikarudi ndani.

*

Sanduku lina sauti. Nilipoweka kidole, sauti ya kijana wa Mamlaka inayotunza maghala, kutoka Dodoma, ikatoka pembeni mwake. Ni mtu kweli, si mashine. Nilisikia akimeza mate.

"Mshika ufunguo wa kwanza, jitambulishe."

"Dastani Luambano. Muuza nyama."

"Mzee Luambano, sheria haikulazimishi kufungua na haikulazimishi kukataa. Hutashtakiwa kwa uamuzi wowote. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Kabla ya kuendelea unatakiwa kutaja madhara mbele ya mashahidi, kwa maneno yako mwenyewe."

"Unayo kwenye karatasi yako. Soma wewe."

"Siruhusiwi, mzee. Lazima uyataje wewe."

Nikageuka niwaone. Nilijua jina la kila mmoja, na anapenda sehemu gani ya ng'ombe.

"Nikibonyeza hapa," nikasema, "nyuso za watoto wenu zitaonekana saa moja. Wapo wanaume wanaoisubiri. Watazichukua. Baadhi ya watoto wenu watatengenezewa uchafu, na uchafu huo hautafutika, hata wakiwa wakubwa, hata ninyi mkiwa mmekufa. Mama Osia, inaweza kuwa Osia, inaweza kuwa mwenzake. Inaweza kuwa wote. Inaweza kuwa Salome wangu. Atakayepatwa atakuwa amepatwa na mimi. Msiseme ni serikali, wala Kihwele. Ni mimi."

"Basi usibonyeze, shetani wewe!" Mama Osia akapiga kelele.

"Nabonyeza," nikasema.

Nikabonyeza. Kioo kilikuwa cha baridi. Sista Menodora akaweka chake bila kunitazama, na juu ya bati king'ora kikaanza.

Watu walikimbia kwenda kwa watoto wao. Niliwaona dirishani wakiwafunika kwa kanga, kwa masweta, kwa ndoo. Mama Osia aliwaweka mapacha chini ya meza ya vitumbua, akawalalia. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia kwamba haisaidii, kwamba wanaotafutwa ni wa picha za nyuma, za sokoni, za shuleni, za siku zote walizopita mbele ya kamera wakicheka bila kujua.

Kwenye skrini ya Sajenti picha zilianza kuja. Mashine ilikuwa na uso wa Yusta kutoka ghalani, ikaupitisha kwenye kamera zote za barabara kuu. Uso ule ulitokea kwanza peke yake, mkubwa, wa kliniki, mtoto ameambiwa asicheke lakini anataka kucheka. Kihwele aliinuka sakafuni. Ndiyo mara ya kwanza kumwona mwanawe kwenye picha. Akaweka kiganja chake juu ya skrini.

"Toa mkono, mzee, tunafanya kazi," Sajenti akasema.

"Kidevu," Kihwele akasema. "Si niliwaambia? Angalieni kidevu."

Robo saa. Nusu saa. Mashine ikaleta watoto watatu ambao si yeye. Mama Yusta alikuwa anahesabu shanga za rozari kwa nguvu hadi uzi ukakatika. Ilipobaki kama robo saa, kamera ya kituo kimoja cha mafuta ikamleta. Yusta, amevaa gauni la njano la mtu mzima, amekaa kwenye kabini ya lori katikati ya dereva na mwanamke. Mwanamke alikuwa amejitanda khanga, amepakata kikapu, ukimwona utampisha kwenye foleni. Yusta alikuwa anakunywa maziwa mgando kwa mrija.

Kihwele aliyaona yale maziwa. Alitoa sauti ambayo nimewahi kuisikia machinjioni tu.

"Namba ya gari tumeipata," Sajenti akasema redioni. "Zuieni. Zuieni kabla ya mizani ya malori."

King'ora kiliendelea mpaka saa ikaisha. Kilipozima, nilikuwa bado nimesimama pale pale, na ofisi ilikuwa tupu, amebaki Sista Menodora tu anajipangusa kidole gumba kwa gauni lake.

*

Walilisimamisha lori kabla ya mizani. Yusta alirudi kesho yake asubuhi kwenye gari la polisi. Daktari alimpima akasema hajaguswa. Anti Bustani yuko gerezani na dereva yuko gerezani. Aliyewatuma hajulikani, na namba iliyokuwa inachekeana na Kihwele iliendelea kuonekana hewani siku mbili zaidi.

Bucha langu halikuchomwa. Walifanya jambo baya zaidi, waliacha kuja. Nimeuza ndoano na mzani, nakata kuni.

Kihwele alikuja mara moja, wiki ya tatu. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la nje. Nilimwona kwa mbali nikaandaa maneno, nikataka kumwambia kwamba sasa namdai mbwa mzima, si wa udongo. Alisimama mbele yangu amevua kofia, ameishika kwa mikono miwili.

"Asante sana, Mzee Luambano," akasema.

"Mla mbwa, keti."

"Asante, mzee. Nina haraka." Akavaa kofia akaondoka. Wamehamia Mbeya mwezi huo huo. Shuleni hapa walikuwa wanamwita Yusta jina ambalo sitaliandika, watoto wale wale waliofunikwa kwa ndoo.

Mamlaka inanitumia taarifa kila mwezi, kwa sababu sheria inataka mshika ufunguo ajue. Ya mwisho imekuja juzi na mvua. Hesabu ni hii. Amerudi mtoto mmoja. Waliokutwa huko kwenye uchafu, mpaka sasa, ni arobaini na mmoja. Osia yumo na pacha wake yumo. Mama Osia amefunga meza yake na hapiti njia ya kwangu. Felista aliondoka usiku ule ule king'ora kilipozima, amebadili namba, na hajui kwamba jina la arobaini na moja ni Salome. Sina mahali pa kumtumia habari hiyo, na ningekuwa napo sijui kama ningeituma. Hesabu ya hasara yangu mimi ni hii: binti mmoja. Mjukuu mmoja. Mtani mmoja.